Ua Lililonuka Siku ya Jumuiya

Mimi si mtu wa kutulia. Mwaitu, yaani mama yangu, husema nazunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga. Na kazi yangu ndiyo hiyo: kuzunguka nyanda kame, kukata mimea, kuikausha ndani ya magazeti na kuangalia kama ina jina. Mingi inalo. Lakini kwenye mwamba mmoja upande wa Masinga nilikuta mmea ambao sikuujua kabisa.

Ulikuwa kitu duni, vidole vichache vya kijivu vyenye meno, vimejibanza chini ya kichaka cha miiba. Jamaa zake nawafahamu karibu wote. Nilikaa chini nikaukagua. Tatizo ni kwamba mimea ya ukoo huo hutambulika kwa ua. Bila ua huandiki maelezo, na bila maelezo hakuna jina. Nikakata kidole kimoja nikakipeleka Ekalakala kwa mama, maana kwangu Kyumbi baridi ya Julai ingekimaliza.

Mama alikipanda kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, akauweka dirishani. Nikamwagiza asiumwagilie maji ovyo, mbuzi wasiufikie, na ukitoa ua anipigie hapo hapo. Akanijibu kwamba amelea watoto, mkebe hautamshinda.

Basi usingizi ukapaa. Nilipiga simu asubuhi, nikapiga jioni, mpaka mama akawa anasema "bado" kabla hata sijamsalimia. Mvua ya Novemba ilipoanza nikashindwa kungoja, nikarudi mwambani kutafuta ua huko huko. Nilikuta tingatinga. Mwamba ulikuwa umepasuliwa wote kuwa kokoto za barabara. Nilizunguka lile rundo nikipekua kwa mikono, hadi dereva akaniuliza kama nimepoteza simu. Nikasema ndiyo, kwa sababu ningeanzia wapi? Nilipanda kila mwamba wa jirani, wiki baada ya wiki, nisipate kitu. Kilichobaki duniani, kwa ninavyojua, kilikuwa kwenye mkebe wa mama. Sikumwambia. Wasiwasi wangu ulitutosha sisi wawili.

Jumamosi moja akapiga yeye.

"Ule mmea wako umeoza," akasema. "Pole, mwanangu."

Nilipanda pikipiki na chupa ya spiriti ya kuhifadhia sampuli mfukoni, nikiomba Mungu angalau kipande kiwe kizima. Nilipofika, akina mama wa jumuiya walikuwa wameshamaliza sala na wanakunywa chai. Mama akanieleza pembeni, kwa sauti ya chini. Aliamka alfajiri akakuta nyumba inanuka panya aliyekufa. Akasogeza gunia, akasogeza meza, wageni wako njiani, aibu inamkaba. Mwisho akafuata nzi mpaka dirishani. Mmea ulikuwa umetoka kitu cheusi, na ndani yake kuna mayai ya nzi. Kwake ua ni kitu cha kuwekwa altareni. Hiki kilikuwa kidonda. Akaubeba mkebe mzima akautupa chooni.

Niliingia chooni nikamulika kwa simu. Shimo la Ukambani huchimbwa refu, kwa vile maji ya chini yako mbali, hayamzuii mchimbaji. Sikuona chochote. Nilikuwa na hasira ya kupiga mlango teke, na nikaupiga, hadi akina mama kule sebuleni wakachungulia.

Mama alikuwa amesimama nje, mikono ndani ya leso. Nikamwomba anieleze kile kitu cheusi alivyokiona. Alianza kwa kusitasita: cheusi kama ini, akasema, kipana kama kifuniko cha chupa ya soda, pembe tano. Kwenye kingo kulikuwa na vinywele vyekundu, na vilikuwa vinacheza ingawa upepo haukuwepo. Niliandika kila neno nikijua halina faida. Hakuna atakayekubali jina la kitu kisichoweza kuonyeshwa. Lakini nilitaka kujua. Haki ya Mungu, nilimwonea wivu.

Akaniangalia usoni, akaanza kuelewa.

"Kwani kilikuwa ua?"

Nikasema ndiyo; maua ya ukoo huo hunuka mzoga ili yaite nzi, na mimi sikuwa nimemwambia.

Akakaa kwenye jiwe la kufulia, akafunika mdomo. Kisha akasema, "Enda uniletee ingine. Hata ikinuka namna gani, nitakaa nayo."

"Wiki ijayo, mwaitu," nikamwambia.