Mkono wa Kushoto wa Madamu Falesi

Falesi Chikuse alifundisha fizikia katika sekondari yetu ya kutwa huko Ntcheu, chumba kilichopakana na changu cha historia. Alikuwa na sauti ya muuza samaki, na umeme aliupenda kama wengine tunavyopenda usingizi.

Wanafunzi wake walijua vizuri kwamba umeme ukipita kwenye waya, waya wenyewe hugeuka sumaku. Lakini swali moja liliwashinda kila mwaka: waya wenye umeme ukiwekwa kati ya sumaku mbili, utasukumwa upande gani? Darasa zima lilijibu kinyume. Mwalimu Mkuu, Bwana Kapalamula, akasema atakuja kuwajaribu mwenyewe. Wakikosea tena, kidato cha nne kitapewa mwalimu mwanamume. Maneno hayo yalinichefua. Falesi yalimkosesha raha kabisa.

Akang'oa sumaku kwenye spika za redio mbovu, akaning'iniza waya katikati, akamwita Zione mbele.

"Nionyeshe kwa vidole."

Zione akainua mkono wa kulia. Kidole cha shahada kikafuata sumaku, cha kati kikafuata umeme, gumba, la kuonyesha msukumo, likaelekea chini. Falesi akaunganisha betri. Waya ukaruka juu.

"Nimesema kanuni hii ni ya mkono wa kushoto, we mtoto! Wa kulia hukupa kinyume."

"Nikunyooshee wa kushoto wewe, Madamu? Mama akisikia, nimekwisha."

Darasa likaangua kicheko.

"Na kwenye mtihani, nani anakuona?"

"Si msimamizi yupo pale mbele? Mtu mzima yule."

Falesi akakaa. Baadaye aliniambia kwamba yeye mwenyewe alizaliwa mtu wa mkono wa kushoto, bibi yake akamfunga mkono huo kwa kitenge mpaka ukasahau kazi. Miaka yote ameandika "kushoto" ubaoni bila kuwainulia watoto mkono wake wa kushoto hata mara moja. Nilitaka kumtania, lakini machozi yalikuwa yakimlengalenga.

Kesho yake nilimsikia kupitia ukutani: "Si ukimpa mtu kitu kwa kushoto unaomba radhi kwanza? Basi ombeni, halafu inueni!"

Kapalamula alipokuja, niliacha vita vyangu vya historia nikasimama mlangoni kwao. Alichukua chaki ya Falesi, akachora sumaku ubaoni, halafu kwa makusudi akaigeuza betri ya mezani ili umeme upite kinyume, akauliza waya utaelekea wapi. Watoto wakanong'ona, "Samahani, bwana," wakamnyooshea mikono ya kushoto wote kwa pamoja.

Uso ukamvimba kwa hasira. "Adabu gani hii?"

"Radhi tumeshaomba, bwana," Zione akasema, mkono ukiwa bado juu. "Waya utashuka."

Kapalamula akaunganisha betri mwenyewe. Ukashuka. Akauinamia, akaurudia tena, ukashuka tena.

"Haya, Madamu," akasema mwishowe, akimrudishia chaki. "Darasa ni lako."

Falesi akaipokea kwa mkono wa kushoto, wala hakuomba radhi.