Projekta ya Namegabe, Saa Tisa Mchana

Mume wangu anaitwa Namegabe, mtu wa Bukavu, na ukimwuliza mtu yeyote hapa mtaani Kinama ni nani anaonyesha picha kwenye sherehe, atakuleta hadi mlangoni kwetu. Harusi, ubatizo, kuganduka kwa wafiwa, kote amefika na shuka lake jeupe na waya zake. Ni mtu mwema. Nalisema mapema kwa sababu haya nitakayosimulia hayamsifu, na mimi pia hayanisifu.

Kwa miaka kumi na mmoja alifanya kazi na projekta moja kubwa, nzito kama gunia la muhogo. Ilikuwa inaunguruma, inatoa joto, na balbu yake ikiungua tulikaa wiki mbili tukisubiri nyingine kutoka Kampala. Umeme ukikatika, na kwetu hukatika bila kuaga, alihitaji jenereta, na jenereta ilihitaji petroli, na habari za petroli katika mji huu sina haja ya kumweleza mtu. Mgongo wake uliharibiwa na ile mashine. Kila Jumapili nilimkanda kwa maji ya moto huku nikiitukana.

Kwa hiyo alipoleta ile ndogo nilifurahi, sifichi. Aliipata mtaa wa maduka wa Asiatique, kwenye duka la Faruk, muuza simu. Faruk alimpeleka kwenye stoo ya nyuma, akafunga mlango, akaiwasha, na picha ikaruka ukutani yenye rangi kali. Ina ukubwa wa mkate. Betri iko ndani, taa yake ni ya LED, haina balbu ya kubadilisha, inapokea picha kutoka kwenye simu bila waya, na haipigi kelele. Juu ya kasha pameandikwa lumeni elfu tisa, ndicho kipimo cha mwanga. Ile kubwa ilikuwa na elfu tatu. Mume wangu akapiga hesabu ya darasa la pili, akaona hii ina nguvu mara tatu, na wiki hiyohiyo ile kubwa akaiuza kwa kanisa moja la Uvira.

Miezi minne tulitamba. Harusi za jioni, kumbi zenye mapazia, sebule za watu wenye sebule. Aliibeba kwenye kikapu changu cha soko. Umeme ulikatika katikati ya harusi moja, picha ikaendelea, watu wakapiga makofi, naye akarudi nyumbani ananicheka. "Mama Destin, mugongo imepona," akasema. "Sasa utakanda nani?"

Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba miezi yote minne hatukuwahi kuiwasha juani.

Elvire ni jirani yetu, ua mmoja unatutenganisha. Mumewe, Rénovat, alikuwa mlinzi wa ghala huko Zone Industrielle, kwenye viwanda, akafa kwa ugonjwa wa figo. Nyumba yao waliijenga wawili, tofali kwa tofali, nilimwona Elvire akichanganya udongo mimba ikiwa ya miezi saba. Lakini karatasi za kiwanja zina jina la Sylvère, kaka mkubwa wa Rénovat, kwa sababu siku ya kuandikisha yeye ndiye aliyekuwa na muda wa kupanga foleni. Ndugu kwa ndugu, nani angeogopa?

Rénovat aliogopa, akiwa amekwisha lala kitandani hospitalini. Alimwomba Elvire ashike simu, akasema mbele ya kamera kwamba nyumba ni ya Elvire na binti yao Benite, na kwamba Sylvère anajua ukweli. Dakika mbili tu. Elvire akazificha kwenye simu mwaka mzima, akisubiri kuganduka.

Kuganduka ndiyo siku ya kumaliza matanga. Familia na majirani hukusanyika chini ya hema, msemaji wa familia anatangaza marehemu ameacha nini na nani atakishika, halafu vinywaji vinapita. Ukishakunywa umekuwa shahidi. Yaliyosemwa pale yamekwisha, hakuna wa kuyafufua. Mjane hapewi maikrofoni siku hiyo, ila picha za marehemu zinaruhusiwa, na hapo ndipo Elvire alipoona mlango wa kupitia.

"Mi sitaki kugombana na shemeji," aliniambia. "Nataka tu wamuone akisema. Watu wote, mara moja."

Ni mimi niliyemjibu. Nilisema Papa Destin atamwonyesha Rénovat mkubwa kama mlango, na hakuna mutu atabisha. Nilisema kwa majivuno, kama vile mashine niliitengeneza mimi.

Sherehe ikafanyika Jumamosi, baada ya misa. Saa tisa mchana. Hema lilikuwa jeupe, jua limelala juu yake, na ndani mwanga umejaa kila pembe. Zamani mume wangu aliwahi kuonyesha picha mchana chini ya mahema kama hayo na ile kubwa, kwa shida lakini zilionekana, ndiyo maana hakuwa na wasiwasi. Sylvère, ndiye msemaji wa familia, alishika maikrofoni, akashukuru padri, akashukuru wageni, akasema, "Sasa tunapewa dakika kumi ya kuona picha za ndugu yetu."

Namegabe akawasha. Nilidhani bado hajawasha. Shuka lilikuwa shuka; ile elfu tisa ilikuwa ya kasha tu. Akasogeza mashine karibu, akasogeza tena, mpaka picha ikawa ndogo kama daftari la shule, na hata hapo ilikuwa doa la maziwa. Akavua koti akalitundika juu kutafuta kivuli. Mtu mmoja nyuma akacheka. Jasho lilikuwa linamtoka mume wangu mpaka kwenye kola, na mimi nilitamani kumpiga na kumkumbatia kwa wakati mmoja.

Picha za harusi ya Rénovat zikapita bila kuonekana. Halafu ikaja video. Sauti ilikuwa imeunganishwa na spika za sherehe, kwa hiyo ikatoka kubwa, hema zima likasikia: sauti ya mgonjwa, nzito, inayokatikakatika. Nyumba ni ya Elvire. Elvire akainua uso.

Sylvère akalitazama lile shuka tupu kwa utulivu, akainua maikrofoni. "Iyo sauti ni ya nani?" akauliza. "Mi naona shuka. Siku izi simu inaweza kuiga sauti ya mutu yeyote."

Namegabe akachomoa simu akaenda nayo mbio kwenye mstari wa wazee. "Muangalie huku, wazee, ni yeye. Muangalie uso."

"Muzee, rudisha simu ya watu," Sylvère akamwambia. "Tulikupa dakika kumi, imekwisha. Kazi yako ilikuwa picha, na picha hatukuona."

Wazee wakatazama chini. Walikuwemo watu waliocheza karata na Rénovat kila Jumapili, wanaoijua sauti yake hata wakiwa usingizini. Nami nilikuwemo. Nilisema moyoni kwamba sisi ni watu wa Kongo, wageni katika nchi hii, hatuna neno katika nyumba za wengine, nikashika chupa yangu ya Fanta. Sylvère akatangaza kwamba nyumba inarudi mikononi mwa familia, na kwamba Elvire atapewa muda wa kujipanga. Vinywaji vikapita. Na mimi nilikunywa. Nilikuwa na kiu, na bado najichukia.

Saa kumi na mbili na nusu wageni wameondoka, hema limeshushwa, na kiza kimeingia haraka kama kawaida yake. Namegabe hakutaka kwenda. Nikamvuta mkono, akajinasua. Akaweka ile mashine juu ya kasha la bia, akailekeza kwenye ukuta wa nyumba ya Elvire, akawasha.

Rénovat akatokea kuanzia msingi hadi bati. Macho yake, mashavu yaliyobonyea, mpira wa dripu shingoni mwake, kila kitu safi. Akasema maneno yake yote taratibu juu ya matofali yake mwenyewe. Wapakiaji wa viti wakasimama. Sylvère alikuwa langoni na ufunguo wa gari mkononi, akaitazama mpaka mwisho bila kugeuza uso. Hakubisha tena sauti ni ya nani.

"Picha iko safi, Muzee," akasema. "Mungeileta mbele ya watu." Kisha akamgeukia Elvire, akamwomba ufunguo wa mlango wa mbele, kwa adabu, akimwita shemeji, na ule muda wa kujipanga hakuutaja.

Mume wangu akairudisha video mwanzo, kama mtu asiyesikia. Nikamwambia, "Papa Destin, zima." Hakuzima. Elvire alifungua fundo la kitenge, akatoa ufunguo, akampa Sylvère. Halafu akaja mpaka kwenye lile kasha la bia, akainama, akatafuta kitufe kwa kidole, na kumzima mumewe alipokuwa anataja jina la Benite.