Breki za Kizazi cha Kwanza

Nilipigiwa simu kutoka Lackawanna, mji jirani na Buffalo huku Marekani, nikiwa kazini: jamaa yangu wa siku nyingi, yule Mkenya wa vigari vidogo, ameshindwa kusimama kwenye taa nyekundu, akaingia chini ya lori. Mungu amrehemu. Mimi bado nina hasira naye.

Aliabudu kigari kimoja kidogo cha Kimarekani, na alikinunua katika kila kizazi chake, yaani kila kilipotolewa kwa umbo jipya. Akiwa mwanafunzi Columbus alipata cha kwanza, chenye umbo la sanduku na vioo vya kuzungusha kwa mkono. Alipoajiriwa Louisville akanunua cha pili, mviringo kama yai. Cha tatu, chenye skrini, alikipata alipohamia Buffalo, mwaka uleule kiwanda kilipoacha kukitengeneza kwa sababu Wamarekani sasa wanataka magari mapana kama sebule. Looo, alivyoomboleza! Hakuuza hata kimoja. Vyote vilijazana uani kwake.

Breki za cha tatu zilipoisha, alifanya tulivyozoea kule nyumbani: aling'oa za cha kwanza. Nilikuwepo, na mkewe pia.

"Baba watoto, hizo haziingii."

"Zitaingia. Gari si ni lilelile?"

Zikagoma. Akachukua tupa, akazisugua mpaka zikaingia, huku akitucheka. Nikamwambia waziwazi kwamba wenye kiwanda walibadilisha kila kitu isipokuwa jina. Akaniita kibaraka wa wauza spea. Tangu siku hiyo mkewe akawa anapanda basi kwenda kazini, iwe jua iwe theluji, na akamkataza binti yao kuingia kigari hicho. Kanisani wakamsengenya, eti mke gani huyo anamwaibisha mumewe.

Sasa sikieni balaa la matangani. Kaka wa marehemu alisimama mbele yetu akatangaza kwamba binti, ambaye ndiyo kwanza amepata leseni, arithi kile cha pili, "ili baba yake aendelee kumwendesha." Watu wazima, wenye akili zao, wakapiga makofi! Binti akamtazama mama yake.

"Shemeji," mjane akasema, "ametosha mmoja."

Kumbe alikuwa ameshaita lori la vyuma chakavu. Vigari vilipoburutwa, kilio kilichopanda uani hakikusikika hata jeneza liliposhushwa. Yeye alisimama tu, amemshika bintiye mkono.

Basi mwenzangu, anayekupenda akikukataza, usimcheke. Ndiye atakayebaki kukuzika.