Matango, Si Matanga

Mtu akikata tango hata chumba cha pili, mimi nimeshajua. Ni harufu ya maji mabichi, ya majani yaliyonyeshewa asubuhi. Nikiinusa, mate hunijaa mdomoni na miguu hutaka mbio, ingawa magoti yangu siku hizi yanalalamikia hata ngazi. Nawaambieni kweli, hapo hapo narudi kuwa msichana wa Voi, miaka ya hamsini, anayekimbia na habari njema.

Tulikuwa tumeshuka kutoka Werugha, huko milimani kwenye ukungu, Baba alipopata kazi ya reli. Mimi niliipenda Voi kwa pupa: vumbi jekundu, garimoshi likinywa maji kwenye tangi kubwa, mluzi wake uliotetemesha sufuria zetu. Mama aliichukia. Joto lilimuumiza kichwa, Kiswahili kilimtia haya, na mlango aliufunga hata mchana. "Mvua ikinyesha tunarudi kwetu," alimwambia Baba. Basi kila wingu lililotokea juu ya kilima cha Sagalla nililiombea lipite, maana mimi sikutaka kurudi.

Jirani yetu Bi Mwanakombo, mwenyeji wa pwani ambaye mumewe naye alikuwa mtu wa reli, alipanda matango chini ya lile tangi, mahali palipovuja mchana kutwa. Alikuwa amemwalika Mama chai, akamwalika aje wasukane nywele, na Mama alitoa udhuru kila mara. Alasiri moja akaniita. Matango yalikuwa yamekomaa kwa pamoja, kijani kibichi, yamelaliana kwenye ungo.

"Mwanangu, kamwambie mamako aje. Leo kwangu kuna matango!"

Nilichomoka. Nilipofika mlangoni, garimoshi la Taveta nalo likapiga mluzi. Nikapaza sauti: "Mama! Bi Mwanakombo anakuita! Kwake kuna matango!" Mluzi ukaimeza herufi ya mwisho, na Mama akajitilia yake.

Kwetu mtu anaweza kukataa chai, hata harusi asiende, lakini matanga hayakataliwi. Mama alifunga leso kichwani, akajaza unga kikapuni, akaufungua ule mlango na kutoka mbio kunishinda. Kumbe Mama anapenda matango hivi! Nikamfuata nikirukaruka na kupiga makofi, mpaka akanigeukia. "Nyamaza! Huna haya?"

Kizingitini akapiga magoti, machozi yakimtiririka. "Pole mama. Pole sana. Nani ametuacha?"

Bi Mwanakombo alisimama na kisu mkono mmoja, tango mkono wa pili. Akautazama unga, kisha akanitazama mimi.

"We mtoto, umemwambia nini mamako?"

"Nimemwambia kuna matango!"

Mama akaziba mdomo. Kicheko kikampenya vidoleni, cha kwanza tangu tushuke milimani, na Bi Mwanakombo akacheka hadi akakaa chini. Mimi nilicheka bila kujua ninachokicheka. Furaha ile sijaipata tena popote.

Wakaingia jikoni. Bi Mwanakombo alikata ncha ya tango, akaisugua pale pale alipoikata hadi povu jeupe likatoka. "Huo ndio uchungu wake." Ganda lisimenywe, akasema, ndilo lenye nguvu, na mwili wenye joto haupozwi na kitu kama tango, kwa kuwa karibu lote ni maji. Mama yeye alitaka kulichemsha kama mumunye.

"Hii ni mboga. Mboga inapikwa."

"Hilo tunda, mwenzangu, lina mbegu. Nduguye tikiti. Wewe tikiti walipika?"

"Na boga je? Si iko na mbegu? Na si tunapika?"

Bi Mwanakombo akageukia vitunguu, ndimu na pilipili. Ule unga tuliusonga ugali, na Mama alikula kachumbari hadi akalamba vidole. Nilimwona mwenyeji wetu akifuta macho kwa pembe ya leso, nikalaumu vitunguu.

Mvua zilinyesha. Mama hakufunga mzigo, aliomba mbegu. Ubishi wao ulidumu miaka. Mwalimu aliponiambia kwamba kwa mtaalamu wa mimea tango ni tunda na kwa mpishi ni mboga, niliwapelekea hukumu hiyo mbio mbio, na wote wawili wakaikataa.

Nikiwa tayari mama wa watoto, nilimkumbusha Mama siku ile huku nikicheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba ugali ulipokuwa jikoni, Bi Mwanakombo alimnong'oneza jambo: alipohamia Voi, akiwa mgeni asiyejulikana na mtu, alimzika mwanawe wa kwanza, na hakuna jirani aliyepiga hodi. Miaka yote nilidhani ni kicheko kilichotubakisha Voi. Mtoto huona kicheko kwanza.

"Nyinyi husema nilikosea neno," Mama akasema. "Sikukosea. Nilichelewa tu."