Jezi ya Kijani, Namba Saba

Sufi iliyozeeka ina harufu ambayo sijapata kuikuta katika kitu kingine chochote: vumbi, jua la adhuhuri, na jasho la watu waliokwisha kulala wakaondoka. Mwezi uliopita nilimwita fundi aje kwangu Tabata kulichambua godoro la marehemu mama yangu. Alipopasua mshono wa kwanza, harufu ile ilinirudisha Temeke, katika nyumba yetu ya vyumba sita, nikiwa na umri wa miaka kumi na siri iliyonizidi kimo.

Wajukuu zangu walikuwa pale pale barazani, wakibishana juu ya mchezaji mmoja wa kikapu wa huko ng'ambo aliyemaliza mkataba wake. Abaki au ahame? Na akihama, timu yake itabaki na maana gani? Ndipo mkubwa wao akasema, kwa uhakika wa mtu asiyejua, kwamba hata Temeke ya zamani ilikuwa na mchezaji hodari aliyeondoka na jezi ya timu. “Damasi Mwizi,” alisema. Kumbe jina hilo bado linazunguka vijiweni.

Nimefanya kazi ya masjala serikalini maisha yangu yote. Nimewahi kumrudishia mkurugenzi jalada zima kwa sababu ya ukurasa mmoja uliowekwa mahali pasipo pake. Siwezi kuuacha uongo kama huo upite barazani kwangu ukiwa umevaa viatu. Basi nisikilizeni, na niwaeleze kwa mpangilio unaostahili.

Katika miaka ile iliyofuata Azimio la Arusha, mtaa wetu ulikuwa na klabu ya kikapu iliyoitwa Chapakazi. Uwanja wake ulikuwa udongo ulioshindiliwa kwa nyayo zetu wenyewe, na ringi zake mbili fundi alizichomelea kutokana na vyuma vya mapipa. Kitambaa kilikuwa adimu, kwa hiyo klabu nzima ilikuwa na jezi nane tu, za kijani, zenye namba zilizokatwa kutoka katika shuka nyeupe. Baba yangu, Mzee Nassoro, alikuwa katibu. Aliandika kila kitu katika daftari kubwa lenye jalada gumu, na kila Jumamosi alinisomesha katiba ya klabu kwa sauti, eti ulimi wangu unyooke. Watoto wenzangu walijua nyimbo za kuruka kamba. Mimi nilijua kifungu cha tisa: mchezaji hatapewa barua ya ruhusa kabla hajakabidhi jezi kwa mkono wake mwenyewe mbele ya wanachama.

Damasi alikuwa mpangaji wetu wa chumba cha uani. Alitoka Masasi, ambako alijifunza kikapu katika shule ya misheni, na hapa mjini alikuwa kibarua bandarini; siku moja ana kazi, siku tatu hana. Alikuwa mrefu kiasi kwamba mama alimfungia kitambaa juu ya mlango ili akumbuke kuinama, naye alikumbuka kitambaa akasahau mlango. Nilikuwa nikimfulia jezi yake kila baada ya mchezo, naye alinilipa kwa cheo. Aliniita Karani. “Karani, andika,” angesema akirudi uwanjani, “leo Damasi amekosa mitupo miwili, na wa pili hana kisingizio.” Nami niliandika, kwa kalamu ya risasi, katika daftari langu la hesabu. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kunidhania mtu wa maana kiasi hicho.

Kisha ikaja barua. Shirika moja la umma la huko bara lilimtaka Damasi akafanye kazi ya kudumu kiwandani, apewe chumba, na aichezee timu yao. Sharti lilikuwa moja: barua ya ruhusa ya klabu yake iwafikie kabla ya mwisho wa mwezi. Baba aliisoma mara mbili ukumbini, na Damasi akaketi ghafla kwenye kinu kilichopinduliwa. Alisema neno moja tu: “Kudumu.”

Mtaa mzima uligeuka mahakama. Mbele ya kibanda cha Mama Tabu, muuza maandazi, watu walibishana tangu chai ya asubuhi. Sauti kubwa kuliko zote ilikuwa ya Sefu, fundi baiskeli.

“Damasi akiondoka, sisi tunabaki nani?” aliuliza Sefu. “Ringi mbili na vumbi!”

“Kwani umemzaa wewe?” Mama Tabu alijibu, mwiko mkononi. “Mwache kijana wa watu akatafute.”

“Mama, yule ni mali ya mtaa. Mali ya mtaa haihami.”

“Mali ya mtaa ni bomba la maji, Sefu, na lenyewe halitoi.”

Watu walicheka, lakini Sefu hakushindwa. Alidai kwamba, isitoshe, goti la Damasi limekwisha, anaruka kama kuku aliyefungwa mguu.

“Ikiwa ni kuku aliyefungwa, unamng'ang'ania wa nini?” aliuliza Mama Tabu. “Na Jumapili kuku huyo alipofunga, wewe sauti ilikukauka siku mbili, tukapumzika.”

Nilikuwa nimetumwa maandazi, na nilisimama pale hadi yakapoa. Ninyi mnaonisoma mnaona jinsi Mama Tabu alivyokuwa na haki. Mimi sikuliona hilo. Nilisikia neno moja tu, kwamba Damasi ataondoka, na moyo wangu ukashikamana na Sefu, mtu ambaye hata baiskeli hakuzikaza vizuri.

Siku mbili kabla ya mkutano wa klabu nilifua jezi namba saba kwa sabuni ya bluu, nikaianika. Ilipokauka niliitoa kambani, nikakumbuka kifungu cha tisa. Bila jezi, hakuna barua. Bila barua, hakuna safari. Nilifumua mshono wa godoro langu, nikaisukuma ndani ya sufi hadi kiwiko kikazama, nikashona tena. Niliona fahari, nakiri. Nilidhani nimetumia sheria.

Damasi aliitafuta kila mahali, hata juu ya paa la choo. Aliniuliza mara moja tu: “Karani, hukuiona?” Nilitikisa kichwa.

Mkutano ulifanyika Jumapili asubuhi uwanjani. Damasi alisimama mbele ya wanachama mikono mitupu.

“Imepotea kambani,” alisema. “Nitailipia.”

“Imepotea au imeshatangulia bara?” Sefu aliuliza.

Ndipo mtu mmoja nyuma akatamka maneno ambayo katika miaka ile hayakuwa mzaha hata kidogo: mwizi wa mali ya umma. Yalirudiwa. Watu waliomshangilia juma lililopita walimzomea kama wametumwa. Baba alinyamazisha mkutano, akasoma kifungu cha tisa kwa sauti isiyo na rangi, akaandika: “Jezi namba saba haikurejeshwa. Barua haikutolewa.” Nilikuwa nimeketi kwenye nyasi hatua kumi kutoka pale. Nilikuwa na mdomo na ulimi ulionyooshwa kwa katiba nzima, na sikuutumia.

Mwisho wa mwezi ulipita. Shirika lilimchukua mtu mwingine. Damasi hakurudi uwanjani, maana watoto walimwimbia, na bandarini nako habari zilimfuata. Baada ya majuma matatu alifunga mzigo wake arudi Masasi. Siku iliyotangulia safari yake, mama aliyatoa magodoro yote juani, akayafumua na kuyashona upya. Usiku huo nilipapasa kwangu, jezi haikuwamo. Kwa miaka mingi niliamini kwamba panya waliibeba, na kwamba Mungu anao panya wa kazi kama hizo.

Asubuhi Damasi aliinama mlangoni, safari hii bila kugonga kichwa, akanipa kipande cha kalamu ya risasi. “Uandike sawasawa, Karani,” alisema. Nililia hadi nikatapika. Kila mtu alisema mtoto huyu ana mapenzi.

Juma lililofuata baba alijiuzulu ukatibu. Hakutoa sababu, yeye aliyetoa sababu hata ya kukohoa. Chapakazi yenyewe haikumaliza mwaka. Habari za Damasi zilinifikia mara moja tu, nilipokuwa kazini: kwamba aliwafundisha watoto kikapu huko kwao, na kwamba alikuwa amekwisha kuzikwa.

Sasa nirudi barazani. Fundi aliuzamisha mkono katika godoro la mama, akasema, “Bibi, humu mna kitu.” Akatoa bahasha ya kitambaa iliyoshonwa kwa uzi mweusi, na ndani yake ilikuwamo jezi ya kijani, imekunjwa mara nne, na namba saba ikiwa imegeuka rangi ya maziwa. Kwapani ilibanwa karatasi kwa pini iliyoshika kutu. Mwandiko ulikuwa wa baba.

“Jezi namba saba imepatikana leo katika godoro la binti yangu. Nilikusudia kwenda kuusahihisha muhtasari mbele ya wanachama. Damasi amenizuia. Amesema kazi imekwisha kupata mtu, hairudi; mtoto asichafuliwe jina pamoja naye. Ameomba binti asiguswe wala asiulizwe. Nimekubali, nami sistahili tena kuwa katibu.” Chini yake, sahihi kamili.

Utotoni nilidhani kwamba ukificha nguo ya mtu umemfunga mguu. Nilipokua nilidhani dhambi yangu ilikuwa kufuli, na kwamba ufunguo niliushika peke yangu. Kumbe watu watatu wazima waliinama kupita chini ya mlango wangu ili kichwa changu kisigonge, na mmoja wao alikuwa yule niliyemwangusha. Aliponipa ile kalamu, alikuwa anajua.

 Nilimpa mjukuu wangu mkubwa karatasi aisome kwa sauti, mpaka sahihi. Kisha niliomba kalamu, na chini ya mwandiko wa baba nikaongeza mstari ambao jalada hili limeusubiri tangu asubuhi ile uwanjani: “Aliyeichukua ni mimi, Zainabu binti Nassoro. Damasi hakuiba kitu.” Herufi zinasomeka.