Mikono ya Kerubo

Juzi, kwenye mkutano wa serikali pale Kebirigo, nilimwona mwanamke akifasiri hotuba kwa mikono, na viziwi waliokaa mbele wakicheka kabla yetu. Nikatoka nje kumlilia dada yangu Kerubo, tuliyemzika majuzi.

Alasiri moja, tulipokuwa watoto, Mama alitufungia ghalani, mimi na Kerubo, katikati ya magunia ya pareto yaliyotuwasha pua. Ofisa alikuwa akiandikisha watoto viziwi waende shule, na kijijini ilisemwa kwamba wakichukuliwa hawarudi. Niliagizwa nimshike Kerubo mikono asigonge mlango. Vidole vyake vilihangaika viganjani mwangu. Nilidhani anaogopa, nikazidi kuvibana.

"Mama, hapa kuna mtoto asiyesikia?" ofisa aliuliza uani.

"Wangu wote wanasikia, bwana. Hata nikinong'ona kuhusu nyama wanasikia."

Ofisa alicheka, kisha gari likaondoka.

Mlango ulipofunguliwa, Kerubo alichomoka mbio hadi barabarani, akasimama kwenye vumbi akilipungia gari lile lirudi. Leo najua hakuwa akiogopa. Siku ile sikujua. Mama alinisifu, akanipa ndizi mbivu, nami nikaila yote.