Kengele za Geti za Kwenda Migori

Mwaka ambao baba alitolewa mtoto wa jicho, mimi nilikuwa natengeneza kengele za geti na kuziuza Kenya. Watu wa Bariadi wakisikia hivyo walicheka kwanza, halafu wakauliza kama kweli Wakenya hawana kengele. Wanazo. Ila nyingi zilitaka Wi-Fi ya nyumbani na umeme usiokatika, na zangu zilitumia laini ya kawaida ya simu na kipande cha sola cha ukubwa wa sahani. Mgeni akibonyeza, picha yake inamfikia mwenye nyumba kwenye simu, popote alipo, na wanaweza kuzungumza kana kwamba wamekutana getini.

Vipuri tuliviagiza kutoka nje. Mimi na mume wangu tuliviunganisha katika chumba cha nyuma ya duka letu la vifaa vya umeme karibu na stendi, na maelekezo yote tukayaandika kwa Kiswahili. Mnunuzi wetu mkubwa alikuwa mfanyabiashara mmoja wa Migori, mwanamke mcheshi ambaye nilikuwa sijawahi kumwona uso kwa uso. Aliendesha biashara yake kwa ujumbe wa sauti, akiwa jikoni, sokoni, au akimkaripia mtu pembeni, hata nikawa nawajua majirani zake kuliko wangu.

Kuunganisha kengele hakukuwa na shida. Shida ilikuwa masharti ya huko Kenya, ambayo yalibadilika kila tulipodhani tumeyamaliza. Mara redio iliyomo ndani ikapimwe upya, kwa kuwa masafa yamepangwa upya. Mara kila kengele itoke na neno lake la siri, zisitoke zote na moja-mbili-tatu-nne. Hilo la pili nilikubaliana nalo, lina akili. Lakini kubuni maneno ya siri ya mzigo mzima si mchezo, na nilipoishiwa nilianza kutumia majina ya mboga. Mume wangu akasema sasa kuna mwalimu huko Kisii anafungua kengele yake kwa neno mlenda.

Baba alikuja kwetu baada ya upasuaji wa jicho la kwanza, ili awe karibu na hospitali wakati wa kusubiri la pili. Yeye ni mfugaji wa kijijini huko Itilima, mbele ya Lagangabilili, na mji haukumfaa. Alikaa sebuleni na bandeji yake, akiuliza kila baada ya muda nani anapita nje na kwa nini hakusalimia. Mama alishafariki. Kwenye boma la baba alibaki kaka yangu na familia yake, ambao mchana wote walikuwa shambani kwenye pamba. Baba alikuwa na wasiwasi kwamba wageni wanafika, wanakuta ua wa minyaa umefungwa, wanaondoka bila hata kuulizwa habari.

Na mimi nilikuwa natafuta mahali pa kujaribia toleo jipya la kengele, mahali penye vumbi na mtandao wa kubahatisha. Nilimwomba kaka ruhusa, nikaenda nikaifunga kwenye nguzo ya geti la baba. Nikarudi, nikampa baba simu, nikamwonyesha kwa kumshika kidole mahali pa kugusa.

Siku ya kwanza alipokea wageni wawili. Kufikia mwisho wa wiki, kijiji kizima kilikuwa kimejua kwamba mzee yuko Bariadi lakini anapatikana getini kwake. Walikuja kumpa pole ya jicho. Wakaja kumwambia mvua, bei ya dengu, ndama wa nani kazaliwa. Baba hakuona picha vizuri, lakini sauti zilimtosha. Alianza kila mazungumzo na mwangaluka, salamu yetu ya Kisukuma, halafu akauliza nyumba, watoto, ng'ombe, na wagonjwa, kila kitu kwa zamu yake, na mgeni naye akauliza vyote hivyo kwa upande wake. Kengele ilitengenezwa kwa ajili ya mtu wa kuleta gesi. Bando langu lilikuwa linaisha kwenye salamu, kabla habari yenyewe haijaanza.

Kila siku mchana alikuja mama mmoja, mjane wa rafiki yake baba waliyechunga naye tangu ujana. Huyo hakuwa na haraka. Nikiwa jikoni nilisikia sauti yake ikishuka, na ya baba ikishuka pia, na niliongeza sauti ya redio ili wasidhani nasikiliza. Nilijua tu kwamba mwanawe alikwenda machimboni Geita na simu yake ilikuwa haipatikani.

Ndipo ukaja ujumbe kutoka Migori. Sasa ilitakiwa mgeni aarifiwe kabla sauti yake haijachukuliwa, kwa sababu maongezi ya getini yalikuwa yakihifadhiwa kwa muda kwenye kompyuta ya kukodi, ili hitilafu zikitokea tuweze kuzitafuta. Mimi nililijua jambo hilo kama fundi anavyojua rangi za waya. Mama wa Migori alituma tangazo lililorekodiwa tayari na dada mmoja wa huko mwenye sauti ya uwanja wa ndege, nami nikaliingiza kwenye kengele zote kwa mtandao, ya baba ikiwemo. Nilimwambia baba kutakuwa na tangazo dogo. Akasema sawa.

Kesho yake geti la baba likawaambia watu, "Unarekodiwa. Ukiendelea kuzungumza, umekubali."

Mzee wa kwanza kufika alijibu, "Nakubali," kwa sauti ya mtu anayefunga ndoa, ndipo akasalimia. Kijana mmoja alinyoosha mikono juu. Mwinjilisti alivua kofia akaanza kusema kwa lugha ya mahubiri, na habari yake ilihusu mbuzi tu. Sisi sebuleni tulicheka mpaka baba akatuonya kwamba kucheka kunamuumiza jicho.

Mchana akaja yule mjane. Tangazo likasema maneno yake. Baba akasema mwangaluka, na hakupata jibu. Alirudia. Nilisogea nikaangalia picha: yule mama alikuwa amesimama akiitazama nguzo, kitenge kikipigwa na upepo, kisha akageuka akaondoka bila kuaga. Kwa Wasukuma, mtu mzima kuondoka getini bila kuaga si jambo dogo.

Baba aliweka simu mapajani. Halafu akaniuliza kwa utulivu, akiniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, kwani hiki kitu kinarekodi?"

Nikamwambia ndiyo, kwa siku chache, halafu kinajifuta.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo, baba."

"Hata kabla hakijaanza kusema?"

"Hata kabla."

Hakunigombeza. Alisema tu kwamba siku hizo zote alidhani yuko getini kwake. Akaomba apelekwe nyumbani, na daktari alipomruhusu kusafiri, mume wangu akatafuta gari.

Tulimkuta yule mama nyuma ya nyumba yake akipepeta choroko. Alitukaribisha vizuri, akatupa vigoda, akamuuliza baba hali ya jicho. Baba akasema amekuja kuomba radhi, kwa sababu maneno aliyoambiwa yalikuwa yakihifadhiwa mahali naye hakujua. Yule mama aliendelea kupepeta kidogo, kisha akaweka ungo chini.

"Shemeji, nilikuwa naongea na wewe," alisema. "Sikujua tuko watatu."

Akanigeukia mimi, akasema anataka yafutwe, na yafutwe akiwa anaona. Hapo ndipo nilipogundua kwamba katika ujanja wetu wote hatukuwa tumeweka njia ya kufuta maneno ya mtu mmoja. Nilimpigia mama wa Migori, mwenye funguo za ile kompyuta. Akasema anachoweza ni kufuta ya geti zima. Nikamwomba afute. Tukasubiri, choroko zikianikwa, mpaka akanijulisha kwamba tayari. Nikafungua simu nikamwonyesha yule mama orodha tupu, nikabonyeza hapa na pale, hakuna sauti iliyotoka.

Aliangalia, akaridhika nusu. Kisha akamgeukia baba.

"Na wewe je? Mimi nilikuambia nini?"

Baba akafikiri. "Uliniambia mvua imechelewa."

Mvua ilikuwa imenyesha wiki hizo zote, hata magari yalikwama. Yule mama akacheka, akajifuta macho kwa pindo la kitenge, akaniambia niingie ndani nichukue maziwa. Walibaki pale wawili wakizungumza, na mimi niliyanywa maziwa yale taratibu.

Baada ya safari ile mume wangu alitoboa kengele na kuongeza kitufe cha pili chini ya kile cha kupigia, cha mgeni kufuta. Mgeni akikibonyeza baada ya kuzungumza, maneno yake yanafutika hapo hapo, bila kumwomba mtu yeyote. Mama wa Migori alikipenda sana. Wakaguzi wa huko walikipenda pia, lakini wakasema kitufe hicho hakimo kwenye mchoro tuliousajili, hivyo kengele ikapimwe tena kama kifaa kipya. Ikapimwa. Pamba ikavunwa, ikauzwa, na sisi bado tunasubiri.

Wakati wa kusubiri tulihangaika na tangazo. Sharti lilisema liwe katika lugha ambayo mgeni anaielewa, nami nikamwomba baba arekodi la Kisukuma kwa ajili ya wateja wachache tuliokuwa nao vijijini huku kwetu. Alikubali, ila hakukubali kuanza na kurekodiwa.

"Humwambii mtu habari hiyo kabla hujamuuliza kwake wameamkaje," alisema.

Kwa hiyo alisalimia, akauliza nyumba, watoto, na ng'ombe, akiacha nafasi ya mgeni kujibu kila swali, halafu ndipo akaeleza kwa adabu kwamba humu ndani kuna kinachosikia, na kama mgeni hapendi, abonyeze kile cha chini, au asubiri jioni watu warudi. Lilikuwa refu kuliko mazungumzo mengi ya mjini. Nilimtumia mama wa Migori asikilize. Akaniambia haelewi neno hata moja ila amejisikia kukaribishwa, na kwamba yeye ataendelea na la dada wa uwanja wa ndege, kwa sababu watu wa Migori wana haraka. Tukakubaliana hivyo. Za huku zinasalimia, za kule zinatangaza.

Kibali kilipotoka tulipeleka mzigo Nyashimo, ambako lori la mpunga lingepita likielekea mpakani Sirari. Baba alitaka kuja. Alikuwa amefanyiwa na upasuaji wa jicho la pili, na alikaa kiti cha mbele akisoma kila kibao cha barabarani kwa sauti, hata vya matangazo ya saruji. Dereva wa lori alipokuwa akipanga maboksi yetu juu ya magunia, aliuliza kuna nini ndani. Nikamwambia kengele.

"Za kanisa?"

"Za geti."

Akatikisa boksi moja sikioni, akasema hazilii. Mume wangu akamweleza zinavyofanya kazi, na kitufe cha kufuta, na kwa nini. Dereva akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kama tunayo moja ya kuweka kwenye lori, maana mke wake humpigia simu akiwa anaendesha na baadaye wanabishana nani alisema nini. Baba akamshauri abonyeze cha chini mara nyingi.

Lori liliondoka. Sisi tukanunua sato wawili wabichi, tukawafunga kwenye mfuko na kugeuza gari kurudi Bariadi.